Fundi tuliyepakana naye ukuta

Bafu lilikuwa limetuchosha. Ukioga, maji badala ya kwenda kwenye tundu yalikimbilia mlangoni, na wa mwisho kuoga ndiye mwenye kazi ya kuyasukuma kwa fagio. Jirani yetu ni fundi vigae, tumepakana ukuta, na watoto wanaingia nyumba zote mbili bila hodi. Kumwita fundi mwingine ingekuwa kumtukana.

Nilidhani tutamalizana kwa mdomo. Yeye akaja na daftari. Akaandika: vigae vya zamani kung'olewa, sakafu kupigwa upya, mteremko sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, vifaa nanunua mimi, malipo kwa mafungu, la mwisho likitoka baada ya kumwaga maji na kuyaona yakiisha yote. Akatia sahihi, akanisogezea kalamu.

"Shemeji, leo umekuwa wakili?" mke wangu akamchokoza.

Akacheka, lakini daftari hakulifunga. "Deni la jirani halidaiki, shemeji. Mimi namwonea haya, naye ananionea haya, mwisho tunaanza kukwepana njiani."

Nilitia sahihi nikiwa nimenuna kidogo.

Kazi aliijua. Kila kigae alichokibandika alikigonga kwa mpini wa mwiko huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kikilia kama debe tupu, saruji haijashika chini yote. Anakibandua ingali mbichi, anaipaka upya mpaka kwenye pembe. Saidia fundi wake alikuwa akiguna tu, anaona anacheleweshwa.

Siku ya kumwaga maji tulijazana mlangoni. Ndoo ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikaacha dimbwi la ukubwa wa kiganja pembeni, chini ya koki, mahali alipobandika yule saidia fundi. Jirani akaweka pima maji, akatazama kipovu, akasonya. Hakuniuliza kitu. Akachukua nyundo na patasi, na vigae vinne vikawa vipande.

Hapo daftari likatuacha solemba, maana halikusema vya kufidia ananunua nani. Tukatazamana. Ukimya wa namna ile ndio unaowafanya watu wengi wamtafute fundi wasiyemjua kabisa, na siwalaumu: asiyekujua unamwambia "lipa" na usiku unalala. Nikajikaza. Nikasema vigae atanunua yeye, saruji nitatoa mimi kwa kuwa mfuko ulikuwa bado haujaisha.

Alikaa kimya kidogo. "Haki," akasema, kisha akamgeukia saidia fundi kwa maneno yaliyotufanya tuwafukuze watoto mlangoni.

Pembe ile ilipokauka tulimwaga tena, halikubaki hata tone. Nikampa fungu la mwisho mkononi. Alilihesabu mbele yangu, noti kwa noti, bila haya yoyote, akaandika "imelipwa", halafu akafungua ukurasa mpya na kuongeza mstari kuhusu vigae vinavyovunjika, kwa ajili ya mteja wake anayefuata.