Herufi A

Leo nimempeleka mdogo wangu chumba cha kompyuta hapa Wete, Pemba, akajaze fomu ya chuo. Mashine kumi, zinazowaka nne. Foleni mpaka mlangoni.

Kibodi tuliyopata, herufi A imefutika kwa vidole vya watu. Pahala pake pamebandikwa plasta ya kidonda, A imeandikwa kwa peni.

Anadonoa kwa kidole kimoja. Umebaki ukurasa wa mwisho...

Pap! Umeme.

(Tangu 2010 tunaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini siku nyengine ndo hivyo.)

Chumba kizima: "Aaah!"

Saa nzima na joto lile, hakuinuka. Kashika kiti kwa mikono miwili, asije akanyang'anywa zamu.

Nyie wa Chake, huko umeme upo?