Pasipoti ya 2018 haifiki 2028: hesabu ya kuhuisha kabla hujakata tiketi

Chukua pasipoti yako, fungua ukurasa wenye picha, tazama tarehe ya mwisho. Hiyo siyo tarehe ya kupangia safari. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kuanzia siku unapoingia, na shirika la ndege ndilo linalokuzuia kwanza, pale kwenye dawati la kukabidhi mizigo, kwa sababu abiria anayekataliwa ugenini hurudishwa kwa gharama ya shirika hilo.

Pasipoti za kielektroniki za Tanzania zilizinduliwa 31 Januari 2018, na muda wake ni miaka 10. Waliokuwa wa mwanzo kuzipata wamebakiwa na muda mfupi kuliko wanavyodhani. Tuseme yako ilitolewa 12 Machi 2018 na inaisha 11 Machi 2028. Kwa safari ya Dubai, siku ya mwisho ya kuingia ni 11 Septemba 2027. Toa hapo wiki za kushughulikia viza, toa muda wa kupata pasipoti mpya, toa na muda wa kurekebisha karatasi zitakazogoma. Utajikuta unatakiwa kuanza karibu na katikati ya 2027. India nayo, ambako wengi wetu tunapeleka wagonjwa, inataka miezi sita na kurasa mbili tupu, na mgonjwa hasubiri pasipoti.

Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zina hesabu yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Ukitoka 20 Juni, basi iwe hai mpaka 20 Septemba.

Kuhusu kurasa, wafanyabiashara na madereva wanaopita mipaka ya Namanga, Tunduma, Mutukula au Rusumo huzimaliza mapema: muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia, kila safari. Ukurasa tupu maana yake hauna muhuri hata mmoja pembeni, kwa kuwa viza ya kubandika hula ukurasa mzima. Kurasa zikiisha haziongezwi. Unaomba pasipoti nyingine hata kama miaka imebaki mitano. Kwa hiyo zihesabu leo, usingoje afisa wa viza akuhesabie.

Maombi yenyewe si magumu. Unajaza fomu kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, ambayo anwani yake inaishia na go.tz, unapakia viambatisho, mfumo unakupa namba ya malipo, ile kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, unachapisha fomu na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji pamoja na nakala halisi. Huko unachukuliwa alama za vidole na kuulizwa maswali. Ada ni shilingi 150,000 kwa jumla: 20,000 ya fomu kwanza, kisha 130,000. Anayekuomba umtumie pesa kwenye namba yake binafsi "akusogezee faili" ni kishoka, dalali asiye halali. Pesa halali inapita kwenye kontroli namba tu.

Viambatisho vya kawaida ni kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au hati ya kiapo badala yake, picha ya pasipoti, na ushahidi wa safari. Anayehuisha anaongeza pasipoti ya zamani. Usidhani kwamba kuwa na pasipoti ya zamani kunakuondolea haja ya kupitia vyeti vingine.

Maana hapo ndipo maombi mengi yanapokwama, kwenye majina. Cheti kinasema Khadija, NIDA inasema Hadija, pasipoti ya zamani ina majina mawili wakati kitambulisho kina matatu. Mwaka wa kuzaliwa umepishana kwa mmoja. Kwa macho ya jirani ni mtu yuleyule, kwa mfumo ni watu wawili. Kabla ya kulipa chochote, weka karatasi zote mezani na usome herufi kwa herufi: majina, mpangilio wake, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Kosa likiwa kwenye NIDA, lirekebishe NIDA kwanza, kwa sababu Uhamiaji watasoma taarifa za huko. Likiwa kwenye cheti, nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ikiwa umesajiliwa Bara, au kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii ikiwa ni Zanzibar. Hati ya kiapo husaidia kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, haibadilishi jina. Anayebadilisha jina kweli anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na mwanamke anayechukua jina la mume aanzie kwenye kitambulisho akiwa na cheti cha ndoa.

Amua tahajia moja na uishi nayo. Tiketi, viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vyote vifuate pasipoti, siyo jina unaloitwa mtaani. Na usikubali pasipoti yenye jina moja tu, upande wa ukoo ukiwa mtupu: tangu mwishoni mwa 2022 Umoja wa Falme za Kiarabu hauruhusu msafiri wa namna hiyo kuingia kwa viza ya matembezi.

Unapokabidhi pasipoti ya zamani, sema mapema kama ina viza iliyo hai, na uombe irudishwe bila kutobolewa kwenye ukurasa huo. Viza ya Marekani iliyomo kwenye pasipoti iliyokwisha muda bado inatumika, mradi viza haijaharibika na unasafiri na pasipoti zote mbili. Uingereza ni tofauti: mwenye viza ya kielektroniki lazima aingie kwenye akaunti yake na kuweka namba ya pasipoti mpya. Namba inabadilika kila unapohuisha, kwa hiyo kibali cha ukaazi cha Ughaibuni na tiketi uliyokwisha kukata navyo vinahitaji kusahihishwa.

Ukishaipata mpya, isome ukiwa bado dirishani. Kosa lililogunduliwa hapo ni jepesi kuliko lililogunduliwa uwanja wa ndege.

Halafu itunze ule ukurasa wa taarifa. Chini yake kuna mistari miwili ya herufi na namba, kila mmoja una nafasi 44. Mashine ya mpakani husoma mistari hiyo kwanza, na kutoka kwenye namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha hutengeneza ufunguo wa kufungulia chipu, kile kifaa kidogo cha kielektroniki kilichomo ndani ya pasipoti chenye taarifa zako. Mistari ikifutika au kuchubuka, chipu nzima kabisa inaweza isifunguke, nawe unavutwa pembeni. Ndiyo maana haipigwi pini, haikunjwi, haiachwi kwenye mfuko wa suruali inayofuliwa.

Ikipotea, toa taarifa polisi na upate karatasi yao kabla ya kwenda Uhamiaji. Ikipotelea nje ya nchi, nenda ubalozini na karatasi hiyo pamoja na picha ya ukurasa wa taarifa uliyoihifadhi kwenye barua pepe. Watakupa hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Hiyo haikuendelezi na safari, kwa hiyo viza za nchi zilizobaki kwenye ratiba yako zihesabu kuwa zimekwenda na pasipoti.