Choo Uvunguni

Mwaka 2016 tulikuwa tumepanga chumba kimoja Manzese, futi 10 kwa 10, choo na bomba la wote uani. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, na kila akirudi safari alikuja na kitu cha ujenzi. Kiwanja tulikuwa nacho Chanika, hakina hata msingi, ila vya kumalizia nyumba vilishajaa chumbani: maboksi ya marumaru, vitasa, koki za bafuni, ndoo za rangi, na choo cha kukaa kikiwa bado ndani ya nailoni yake. Msitucheke. Hela ikikaa kwenye simu inaliwa. Ataugua mtu, utatokea msiba, imekwisha. Marumaru hailiwi.

Shida ilikuwa pa kupita. Kati ya kitanda na kabati la vyombo tulipita kwa ubavu, na nguo za mtoto zilikuwa kwenye viroba vinavyoning'inia misumarini.

Ndipo mama akaja kutoka Muheza, ana kliniki ya macho Muhimbili. Nilimpokea Ubungo na kiroba chake cha machungwa, na kiroba hicho kufika chumbani hakina pa kukaa. Akainama akisukume uvunguni, akabaki ameinama.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Choo, mama."

"Choo. Na unga wenu uko juu yake?"

Ndoo ya unga kweli ilikaa juu yake, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Nikampigia mume wangu aniokoe. "Shikamoo mama. Hakijawahi kutumika hicho!" Mama akamwitikia marahaba kwa upole wote, akanirudishia simu, akajifunga khanga kiunoni.

Asubuhi alitoa kila kitu koridoni, wapangaji wenzangu wanatazama. Pasi iliyoungua, feni isiyozunguka na sufuria zilizotoboka vilimngoja kijana wa chuma chakavu. Alibishana naye juu ya mizani mpaka kijana wa watu akaongeza bei ili aende zake. Nguo zilizombana mtoto zikaenda kwa jirani mwenye kichanga. Kitanda tukakipandisha juu ya tofali, uvunguni wakaingia vitasa, koki na rangi, mbele tukafunga pazia la kitenge.

Marumaru ndizo zilizomkalisha chini. Nzito, hazibebeki, haziuziki. Akayapanga yale maboksi ukutani mstari mmoja, kimo cha goti, akatandika magunia, juu yake kigodoro cha mtoto, halafu khanga akaichomeka pembeni pote. Ukiingia unaona kochi. Alilala hapo mwenyewe mpaka kliniki zake zilipokwisha, na kitanda changu alikikataa katakata.

Choo kilipanda kirikuu kwenda Chanika, kwa jirani wa kiwanjani aliyekubali kukihifadhi kwenye banda la mbuzi.

Mume wangu alirudi usiku, mama keshaondoka. Alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Akaingia, akafunua pazia la uvunguni, akakagua rangi, vitasa, koki, kimoja kimoja. Habari ya choo alikuwa nayo kwa simu, hiyo hakuiuliza. Kisha akakaa, akavua viatu, akanitazama kwa uchovu wa barabara yote ya Tunduma.

"Haya niambie. Marumaru zangu mmeziuza shilingi ngapi?"