Bayosi ya Ubao Mwingine

Kosa lenyewe, kuiwekea kompyuta bayosi (programu ya kwanza inayoiamsha mashine) ya ubao mwingine, halikuzidi dakika mbili. Kompyuta mpakato ile ilikuwa ya prosesa za kizazi cha tatu cha Intel Core, na nilitaka kuifikisha kwenye bayosi ya mwisho iliyotolewa kwa modeli yake. Lebo ya chini hutaja modeli tu. Modeli hiyo ilitoka na mazabodi (ubao mkuu) za aina mbili, na aina hujulikana kwa maandishi madogo yaliyochapwa juu ya ubao wenyewe, chini ya kifuniko cha RAM. Kifuniko sikukifungua. Programu ya kusasisha ilionya kwamba kitambulisho cha ubao hakilingani na faili. Nikadhani inalalamikia kurukwa kwa matoleo mengi, nikailazimisha ipite bila ukaguzi. Ikafuta, ikaandika, ikajizima.

Kuanzia hapo taa iliwaka, feni ikazunguka kwa sekunde tatu hivi, vyote vikazimika, kisha vikawaka tena, vivyo hivyo bila kukoma. Skrini nyeusi. Bayosi hubeba jedwali linaloiambia chipseti, chipu inayoratibu sehemu za ubao, ni miguu ipi ya kupokea ishara na ipi ya kutoa. Ubao ukipewa jedwali la mwenzake, umeme wa sehemu fulani hauwashwi au huwashwa pasipotakiwa. Kuchomoa betri ndogo ya CR2032 hakukusaidia, wala sikutarajia sana: betri ile hutunza saa na baadhi ya mipangilio, haina habari na msimbo ulioandikwa kwenye chipu. Nilijaribu pia flashi ya FAT32 yenye faili la uokoaji huku nimebonyeza vitufe vyake. Flashi haikusomwa hata mara moja. Msimbo wa uokoaji kwa kawaida hufanya kazi baada ya RAM kuamshwa, na mashine hii ilikuwa inakufa kabla ya hapo.

Ikabaki kuiandika chipu moja kwa moja. Ilikuwa Winbond W25Q64FV, miguu minane, megabaiti 8, volti 3.3. Programa yangu, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, ilikuwa ile nyeusi ya bei ndogo yenye CH341A, na kabla ya kuigusisha popote niliipima kwa mita. Mguu wa umeme ulitoa 3.3 kama inavyopaswa, lakini nyaya za data zilikuwa karibu na 5. Hili ni tatizo la kawaida la mbao hizo: chipu ya CH341A yenyewe inalishwa volti 5. Niliuinua mguu wake wa 28 kutoka ubaoni, nikauunganisha pamoja na mguu wa 9 kwenye njia ya volti 3.3. Zingatia kwamba baadhi ya kompyuta zina chipu za volti 1.8, na kwa hizo hata 3.3 ni sumu. Soma namba yote, herufi za mwisho zikiwemo.

Nilitoa betri kubwa, chaja na CR2032, nikabana klipu ya programa kwenye miguu ya chipu, waya mwekundu upande wa kitone kinachoonyesha mguu wa kwanza. Mara ya kwanza flashrom, programu inayoendesha programa, haikuona chipu yoyote. Miguu ilikuwa na utando wa fleksi, dawa ya kulehemia. Nikaisugua kwa spiriti, ikaonekana. Nikasoma mara mbili, nikalinganisha mafaili kwa sha256sum, amri inayolipa kila faili alama yake ya utambulisho: alama hazikufanana. Nikasoma tena, ikaja alama ya tatu. Kupima mguu wa 8 klipu ikiwa imebanwa kulieleza kila kitu: volti 2.5, ilhali chipu hiyo inataka angalau 2.7. Mazabodi nzima ilikuwa inanyonya umeme wa programa kupitia mguu ule. Mtu akiandika katika hali hiyo anaongeza uharibifu juu ya uharibifu.

Nikaing'oa chipu. Sikutumia hewa ya moto kwa sababu plastiki ya soketi ilikuwa jirani mno. Nilijaza risasi mbichi ya kulehemia kwenye safu zote mbili za miguu minne, nikapasha upande mmoja na mwingine kwa zamu hadi ikaelea. Nje ya ubao, usomaji mara tatu ulitoa alama ileile moja.

Nakala hiyo ya chipu iliyoharibika ndiyo iliyoiokoa mashine. Faili sahihi nililopakua lilikuwa na baiti 6,817,792, wakati chipu inashika 8,388,608. Lilikuwa na sehemu ya bayosi peke yake. Maelezo ya mgawanyo wa chipu (alama yake, 5A A5 F0 0F, ilikuwa mahali pake) na eneo la Intel ME (programu ya kidhibiti kidogo kilicho ndani ya chipseti), hadi anwani 17FFFF kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16, havikuwamo; vilikuwa ndani ya nakala yangu tu, salama. Bayosi ilianzia 180000 ya heksa, yaani baiti 6,815,744 hadi mwisho wa chipu. Tofauti na faili ni 2,048 kamili: kichwa cha sasisho, ambacho hakitakiwi kwenye chipu. Nilihakikisha kwa kutafuta herufi _FVH, alama iliyo karibu na mwanzo wa bayosi. Kwenye nakala zilikaa baiti 28 za heksa baada ya mwanzo wa eneo la bayosi, kwenye faili zilikaa 828: zimesogea 800 za heksa, yaani 2,048. Amri ya kunakili baiti, dd, yenye bs=2048 na skip=1 ikakikata kichwa hicho.

Namba ya utambulisho ya mashine nayo niliikuta kwenye nakala, katika kilobaiti 128 za mwanzo wa eneo la bayosi. Programu ya kusasisha haikuwa imezigusa. Kwenye faili lililopakuliwa, mahali pa namba hiyo palijaa FF, yaani patupu. Kwa hiyo nikaunganisha: sehemu iliyo kabla ya 180000 kutoka nakala, kilobaiti 128 zile kutoka nakala, zilizobaki kutoka faili sahihi. Jumla 8,388,608, bila kuzidi wala kupungua baiti. Flashrom ikaandika, ikasoma tena yenyewe, ikathibitisha.

Nilipoirudisha chipu nilipima kwanza kama mguu wa 4 na wa 8 havijagusana. Uwashaji wa kwanza ulinitisha: ikawaka, ikazimika, ikawaka tena na kukaa kimya kama nusu dakika wakati RAM inapimwa upya. Kisha skrini ikalalamika kwamba saa si sahihi. Niliingia kwenye mipangilio, nikarudisha ya kiwandani kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imepitia mikono ya bayosi ngeni, nikaona namba ya utambulisho ni ileile ya kwenye lebo, nikaweka tarehe. Kabla ya kurudisha betri niliandika aina ya mazabodi kwa kalamu isiyofutika ndani ya chumba chake.