Ala ya bastola isiyochubua kiuno

Ndugu zangu walinzi wa Lubumbashi wenye kibali cha kubeba silaha, anzeni na mkanda kabla ya ala. Mkanda laini unapinda, bastola inaning'inia, na kitako chake kinachomoza chini ya shati. Tafuta wa ngozi nene ya tabaka mbili, upana wa milimita 38 hivi, na suruali yenye nafasi kidogo kiunoni.

Ala yenyewe lazima ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Ngozi iliyolegea ni hatari kweli: mkunjo wake ukinasa kifyatulio wakati wa kurudisha silaha, risasi inatoka. Ala ya namna hiyo itupeni, hata ikiwa nyororo kiasi gani.

Mahali pa kuivaa? Kwa anayekaa sana garini, nyuma ya nyonga panaumiza mgongo. Mbele tumboni, ala ndefu inachoma paja. Ijaribu nyumbani saa kadhaa, bastola ikiwa haina risasi: inama, kaa, panda ngazi. Na joto la Oktoba hapa kwetu mnalijua. Jasho linaozesha ngozi na kushikisha chuma kutu, kwa hiyo vaa fulana ndani, ufute bastola kila jioni.