Mwenye Kuombea Ana Fungu Lake

Ndugu zangu katika imani, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Hapa Tanga vijana wanatafuta kazi kila pahali: bandarini, katika viwanda vya saruji, kwenye mashamba ya mkonge, na sasa Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tangazo la ajira humtaka mwombaji ataje wadhamini wa kuaminika, na kwa nafasi za utumishi wa umma huwa watatu, kwa hiyo kijana humrudia mwalimu aliyemfundisha. Wengi wao huandikiwa kwa furaha. Wiki hii tumtafakari yule ambaye mwalimu akiletewa jina lake moyo unasita: aliyefahamika shuleni kwa udokozi na sasa anaomba kutunza stoo, au mwenye hasira za karibu anayetaka kulea watoto wa chekechea.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba mwenye kuombea maombezi mema atakuwa na fungu katika wema huo, na mwenye kuombea maombezi mabaya atabeba sehemu ya ubaya wake. Barua ya mapendekezo ni maombezi ya aina hiyo hiyo, ila tumezoea kushika nusu ya kwanza ya aya na kuiacha ya pili. Mama mtu huja baada ya swala ya Alasiri akasema, "Mwalimu, huyu ni mwanao, mwandikie tu, riziki anatoa Mungu." Ni kweli riziki anatoa Mungu, lakini saini ni ya mwalimu. Na aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, sembuse mwanafunzi wa zamani. Mama yule ana haki ya kusikilizwa kwa upole. Lakini mwenye stoo, mzazi wa mtoto wa chekechea, na kijana mwingine mwaminifu aliyeomba nafasi ile ile bila kuwa na mwalimu wa kumsemea, nao wana haki, ingawa hawakuja kubisha hodi.

Hofu ya wengi wetu ni kwamba kusema ukweli juu ya mtu ni kumsengenya. Hapa tuna mafundisho ya wazi. Fatima bint Qays, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kutaka ushauri kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume alimwambia Abu Jahm hashushi fimbo yake begani, yaani huwapiga wanawake, na Muawiya ni fukara asiye na mali. Alitaja lile tu linalohusu ndoa, akamwambia muulizaji peke yake, akaishia hapo. Kwa hadithi hii Imam Nawawi alionyesha kuwa kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa pale mtu anaposhauriwa juu ya ndoa, ushirika au kuweka amana. Mwajiri anayempigia mwalimu simu na kumuuliza kama fulani anaaminika na fedha, anataka ushauri juu ya amana.

Hata hivyo, asiyeulizwa asijitolee kutangaza. Kumsitiri mwenzako ni wajibu mkubwa, na kwa maoni yangu njia ya heshima zaidi ni kumwambia kijana mwenyewe, ana kwa ana na faraghani, kwamba kwa kazi hii siwezi kukudhamini, na sababu yangu ni hii. Hilo ni zito kuliko kumwandikia barua iliyopoa, yenye sifa za kuzungukazunguka, ambayo mwajiri ataielewa vibaya na kijana hataijua kamwe.

Panapokuwa na la kuandika, Mtume ametufundisha kipimo chake. Mtu mmoja alipomsifu mwenziwe mbele yake, alimwambia amemkata shingo rafiki yake. Kisha akaelekeza kwamba asiye na budi kusifu aseme, "Namdhania hivi na hivi, na Allah ndiye mwenye kumhesabu," ikiwa analijua hilo kwake. Basi mwalimu ataje miaka aliyomfundisha kijana na aliyoyaona katika miaka hiyo, asivuke hapo. Tahadhari hii inamlinda kijana pia, kwa kuwa mtoto aliyeiba akiwa kidato cha pili huenda ametubu zamani, na mwalimu ambaye hajamwona tangu alipohitimu hana ushahidi wa alivyo leo. Amuulize kwanza amekuwa wapi, na nani amefanya naye kazi.

Abu Dharr alipoomba apewe uongozi, Mtume alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na kuwa uongozi ni amana. Katika mapokezi mengine alimwambia anampendea anachojipendea mwenyewe, kisha akamkataza kuongoza hata watu wawili na kusimamia mali ya yatima. Upendo ulitajwa kabla ya katazo. Fatima naye hakuachwa na katazo tupu, bali alielekezwa kwa Usama bin Zayd, na mwenyewe alisimulia kwamba Allah alitia kheri katika ndoa ile. Kijana asiyefaa kukabidhiwa stoo ya watu huenda akafaa sana katika uchomeleaji au ufundi wa magari, na chuo cha VETA kipo hapa hapa Tanga. Mwalimu aliyemkatalia barua ya kwanza amsaidie kuijaza fomu ya chuo, na kwa fomu hiyo amwandikie kila jema analolijua kwake.