Timu Moja Tu Ilinichania Mkeka

Nimefundisha hisabati katika shule ya sekondari kwa miaka 11, na kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya uwezekano kidato cha nne, huingia darasani na sarafu ya shilingi 200, huirusha mara kadhaa mbele ya wanafunzi, kisha huwauliza: ikiwa imeangukia upande wa kichwa mara tano mfululizo, mara ya sita itaangukia upande gani? Wengi hujibu kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili. Huwasahihisha kwa utulivu na kuwaeleza kwamba sarafu haina kumbukumbu. Kwa miaka minne kati ya hiyo 11, kipindi kilipokwisha nilikuwa nikijifungia kwenye stoo ya vitabu, nikatoa simu na kupanga mkeka, yaani dau moja la kubashiri mechi kadhaa ambalo hulipa ikiwa tu zote zimetiki, kana kwamba maneno yale yalisemwa na mwalimu mwingine.

Nilianza kama wengi wanavyoanza. Jumamosi moja, ofisini kwa walimu, mwenzangu alinionyesha namna ya kuweka dau la shilingi 500 kwenye mechi sita za Ulaya, na kabla Jumapili haijaisha mkeka ulikuwa umetiki, nami nimeingiziwa shilingi 41,000. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa, lakini kilinipa jambo baya kuliko hasara, yaani imani kwamba nina jicho la mpira. Kuanzia hapo kila mkeka uliochanika niliuona kama ajali, na kila uliotiki niliuona kama ushahidi.

Ningependa msomaji anivumilie nifanye hesabu ambayo sikuifanya kwa miaka minne, ingawa kalamu na ubao vilikuwa mikononi mwangu. Chukua mechi 10 ambazo kila moja ni nusu kwa nusu, sawa na kurusha sarafu. Kampuni ya kubeti isiyotaka faida ingelipa odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya 2.00 kwa kila mechi; inayotaka faida, na hakuna isiyoitaka, italipa kwa mfano 1.85. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye mkeka odi huzidishwa, na makato nayo huzidishwa pamoja nazo. Dau la shilingi 1,000 ambalo kwa haki lingelipa shilingi 1,024,000 sasa linalipa takriban 469,600. Kwenye mechi moja kampuni ilijibakizia kwa wastani asilimia 7.5 ya dau. Kwenye mkeka wa mechi 10 imejibakizia kama asilimia 54, na hapo kodi ya ushindi bado haijakatwa. Mchezaji anayeongeza timu ili apate odi kubwa anaongeza kwa mkono wake fungu la kampuni.

Kuna sehemu ya pili ya hesabu hiyo, nayo ndiyo iliyonitesa zaidi. Katika kila mikeka 1,024 ya namna hiyo, kwa wastani mmoja tu utatiki wote, lakini mikeka 10 itakosa timu moja, na mingine 45 itakosa timu mbili. Kwa hiyo anayelalamika kijiweni kwamba timu moja tu imemchania hajakutana na bahati mbaya, kwa kuwa amepata tokeo ambalo hesabu inalileta mara kumi zaidi ya ushindi wenyewe. Mimi nilikuwa nikiihifadhi mikeka ya namna hiyo kwenye simu kama picha za familia. Niliitazama usiku na kujiambia kwamba nimekaribia, wakati katika kubahatisha hakuna kukaribia: mkeka uliokosa timu moja na uliokosa timu nane hulipa sawasawa, yaani sifuri.

Vijiweni wachezaji humwita mpinzani wao, yaani kampuni ya kubeti, "Mhindi", na utasikia mtu akisema leo nitamlaza Mhindi, au Mhindi kanila. Jina hilo si la haki kwa Wahindi, na pia linadanganya kwa namna nyingine, kwa sababu linakufanya uamini kwamba ng'ambo ya meza ameketi mtu anayeweza kuchoka, kukosea au kuonewa huruma. Ng'ambo ya meza hakuna mtu. Kuna asilimia ile ndogo inayozidishwa.

Baada ya mpira nikahamia kwenye kindege. Asiyekijua aelewe kwamba ni mchezo wa simu ambao namba inayozidishwa na dau lako hupanda kutoka 1.00 kwenda juu pamoja na picha ya ndege, nawe unatakiwa kuchukua fedha zako kabla ndege haijatoweka. Ikitoweka kwanza, dau limekwenda. Mkeka wa mpira unakulazimisha kusubiri dakika 90, lakini kindege kinaweza kukuchezesha raundi kadhaa kabla maji ya chai hayajachemka. Hapo ndipo nilipojikuta nikisema sentensi ileile ninayowasahihisha wanafunzi: imeanguka mapema mara tano, sasa lazima ipae. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololo cha ruleti, lile gurudumu la vyumba vyekundu na vyeusi, kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi mno kwa kuendelea kuweka madau kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika. Kisa hicho nilikuwa nakisimulia darasani, na wanafunzi walicheka. Mimi pia nilicheka.

Neno lililonimaliza ni "kurudisha". Mtu akishapoteza hachezi tena ili ashinde, anacheza ili arudishe, na katika kurudisha hakuna dau linaloonekana kubwa. Nilikopa kwenye simu, nikakopa kwa wenzangu, kisha nikaingia kwenye mikopo ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, na jina lake halijatiwa chumvi. Mimi pia nilikuwa mweka hazina wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana pale shuleni. Mwezi wa pili wa mwaka ule mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, na walimu wakaja kwangu kuchukua rambirambi ya shilingi 600,000 ambayo haikuwapo.

Mke wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikuwa akichambua mchele, wala hakunyanyua uso.

"Baba Neema, hela ya msiba iko wapi?"

Nilimjibu kwamba ningeirudisha ifikapo Ijumaa.

"Sijakuuliza lini. Nimekuuliza iko wapi."

Sijawahi kuulizwa swali jepesi kuliko hilo, na sikuweza kulijibu.

Nilikuwa nimeshaapa kuacha mara nyingi kabla ya siku hiyo. Niliapa kanisani, niliapa kwa jina la binti yangu, na mara moja niliifuta programu ya kubeti nikairejesha kabla ya chakula cha usiku. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kuacha ni suala la moyo mgumu. Mtu anayeapa saa moja asubuhi, akiwa na aibu na ametulia, si yule anayeshika simu saa tano usiku, na yule wa asubuhi hana mamlaka yoyote juu ya yule wa usiku isipokuwa awe amemfungia milango mapema. Ndivyo tulivyofanya. Kadi ya benki ya mshahara anaishika mke wangu, na nauli pamoja na chakula cha mchana huondoka navyo kwa fedha taslimu. Kuhama kutoka simu janja kwenda kitochi kuliniondolea kindege, lakini hakukutosha peke yake, kwa sababu mikeka huwekwa hata kwa kitochi kwa kubonyeza namba za menyu; kilichosaidia ni kwamba pochi ya simu ilikuwa tupu. Kwenye kila kampuni niliyokuwa na akaunti niliomba ifungwe kabisa, nikaomba pia niondolewe kwenye orodha ya wanaotumiwa ujumbe wa ofa, maana ujumbe wa "dau la bure" huja hasa wakati umekaa kimya siku kadhaa. Kwa anayebaki na simu janja zipo programu za kuzuia tovuti za kamari, na mojawapo, BetBlocker, ni ya bure.

Kisha nilifanya jambo ambalo nililiogopa kuliko yote: niliomba taarifa ya miamala yangu ya miezi sita na kuijumlisha mezani mbele ya mke wangu. Nilikuwa nikiamini kwamba kwa jumla ninakaribia kulingana. Zilikuwa zimetoka shilingi 3,412,000 na zilikuwa zimerudi 790,000. Anayedhani kwamba bado anajidhibiti na afanye jumla hiyo kwanza, kwa karatasi na si kwa kichwa, kwa kuwa kichwa hukumbuka mikeka iliyotiki na kusahau mingine.

Kwenda hospitali lilikuwa wazo la shemeji yangu ambaye ni muuguzi, nami nilikataa kwa wiki mbili nikisema kwamba sijarukwa na akili. Hatimaye nilikwenda kwenye kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari hakunihubiria. Aliniuliza kama nilihitaji dau kubwa zaidi ili nipate msisimko uleule, kama nilikuwa mkali nilipojaribu kuacha, kama nilirudi kesho yake kufuata hasara, kama nilidanganya watu wa nyumbani, na kama niliwategemea wengine wanitoe kwenye madeni. Nilijibu ndiyo kwa yote matano. Baadaye nilisoma kwamba mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 una vigezo 9 vya aina hiyo, kwamba vinne ndani ya miezi 12 vinatosha kuitwa ugonjwa, na kwamba mwongozo huo uliuweka uraibu wa kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linautambua katika orodha yake ya magonjwa. Sisemi hivi ili kujiondolea lawama ya ile rambirambi. Nasema ili anayeona aibu ajue kwamba anachokwenda kutibiwa kina jina na kina tiba, na kwamba tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo ya wiki kwa wiki kuhusu saa, mahali na mawazo yanayotangulia dau. Anayefikiria kujidhuru kwa sababu ya madeni asisubiri kliniki. Aende hospitali iliyo karibu leo, na asiende peke yake.

Wapo pia waliosaidiwa na vikundi vya wachezaji wanaosikilizana. Gamblers Anonymous, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1957, ina mikutano inayofanyika kwa intaneti, nami nilihudhuria michache kwa Kiingereza changu cha darasani.

Kuhusu wenye mamlaka nitasema machache. Tanzania tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hata hivyo Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mikopo tangu Aprili 2020, ilhali kwetu mkopo wa simu na akaunti ya kubeti vinakaa kwenye skrini moja, na fedha husafiri kutoka huku kwenda kule kwa namba moja ya siri. Nadhani mlango huo ndio ungefungwa kwanza.

Mwaka huu nilipofika kwenye mada ya uwezekano niliiacha sarafu mfukoni nikachora mkeka wa mechi 10 ubaoni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliinakili hesabu yote, kisha kipindi kilipokwisha akanifuata mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mtu akiweka timu moja moja atapona. Nilimwambia atapoteza polepole zaidi, nikamuuliza anadaiwa kiasi gani. Hakuwa amesema kwamba anadaiwa. Alitazama viatu vyake kwa muda, akataja shilingi 38,000, nasi tukaenda kukaa kwenye ile stoo ya vitabu.

Mfuko wa kufa na kuzikana sasa unaye mweka hazina mwingine. Mimi hukatwa shilingi 50,000 kila mwezi, na zimebaki awamu tatu.